Ameteguka au Amevunjika?

Mtu ameanguka vibaya. Amekaa chini, mguu ameushika kwa mikono miwili, jasho linamtoka. Waliomzunguka wameshaanza ubishi. Mmoja anasema ameteguka tu, asimame ajaribu kutembea. Wa pili anaapa kwamba amesikia kitu kikilia "ka!", kwa hiyo mfupa umevunjika. Wa tatu hasemi kitu. Ameshachuchumaa, ameushika unyayo na anataka kuuvuta "urudi mahali pake". Huyo wa tatu ndiye anayenitia hofu zaidi. Lakini hata wale wawili wanapoteza muda, maana wanabishania swali ambalo pale chini hakuna awezaye kulijibu kwa hakika, na jibu lake halibadilishi sana kinachopaswa kufanyika katika dakika 20 za mwanzo.

Lugha yenyewe inatukoroga kidogo. Kifundo cha mguu kikivimba baada ya mtu kukanyaga vibaya, tunasema kimeteguka. Bega likichomoka kwenye kikombe chake, nalo tunasema limeteguka. Hayo ni majeraha mawili tofauti kabisa. Katika la kwanza mifupa ipo mahali pake, kilichochanika ni zile kamba zinazoishikilia. Katika la pili mfupa umetoka kwenye makao yake. Neno "kano" nalo limebebeshwa mizigo miwili: kamba inayounganisha msuli na mfupa, na ile inayounganisha mfupa na mfupa mwenzake. Ili tusipotezane, humu nitaiita ya kwanza kano na ya pili ligamenti.

Msuli ukivutwa kupita uwezo wake, nyuzi zake huchanika, mara nyingi karibu na pale unapoungana na kano. Mtu huwa anakimbia au anainua kitu kizito, ghafla anahisi kama amepigwa jiwe nyuma ya paja au kwenye shavu la mguu. Msuli una damu nyingi, kwa hiyo hupona upesi ukilinganishwa na ligamenti, ambayo damu yake ni haba na hukawia kuungana. Kiungo kikipindishwa kupita kiasi, ligamenti ndiyo huumia. Inaweza kuvutika tu, kuchanika kiasi, au kukatika kabisa, na cha kushangaza ni kwamba iliyokatika kabisa wakati mwingine huuma kidogo kuliko iliyochanika nusu. Maumivu, basi, si kipimo cha kuaminika.

Mfupa nao si fimbo kavu iliyokaa ndani ya nyama. Ni kitu hai, kina mishipa ya damu, kina uboho, na kikivunjika kinavuja. Mtu mzima ana mifupa 206, na mkubwa kuliko yote ni fupa la paja. Hilo likivunjika, zaidi ya lita 1 ya damu inaweza kumwagika ndani ya paja bila hata tone moja kuonekana nje. Mwili mzima wa mtu mzima una takriban lita 5. Fupanyonga likipasuka, hasara inaweza kuwa kubwa kuliko hapo. Ndiyo maana majeruhi aliyeanguka kutoka juu au kugongwa na gari, akianza kupauka, kutoka jasho la baridi, kuchanganyikiwa na mapigo ya moyo kwenda mbio, anapaswa kuhesabiwa kuwa anapoteza damu hata kama ngozi yake haina mchubuko. Mlaze, mfunike apate joto, ita gari la wagonjwa. Usimpe chakula wala kinywaji, kwa sababu huenda akahitaji upasuaji.

Sasa tazama dalili ambazo majeraha haya huonyesha: uvimbe, maumivu, kuvilia damu, kiungo kukataa kazi. Ni zilezile kwa yote. Hata daktari mwenye uzoefu wa miaka mingi alikuwa anategemea vidole na macho yake tu mpaka mwaka 1895, Wilhelm Röntgen alipogundua eksirei. Kuna mivunjiko ambayo wenyewe wameitembelea siku kadhaa. Upo mfupa mdogo wa kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ambao ukipata ufa, hata picha ya kwanza ya eksirei inaweza isiuonyeshe. Mtu huambiwa yuko salama, kumbe damu inayouingia mfupa huo ni kidogo na ukiachwa bila kutulizwa unaweza usiunge kabisa. Kwa hiyo ukianguka ukajikinga kwa kiganja, kisha ukabaki na maumivu katika kile kishimo kinachojitokeza chini ya kidole gumba unapokinyanyua, rudi ukapimwe tena hata kama picha ya kwanza ilikuwa safi.

Zipo dalili chache zinazomaliza ubishi: mguu au mkono kupinda mahali pasipo na kiungo, mguu kuwa mfupi kuliko mwenzake, ncha ya mfupa kuonekana kwenye jeraha. Pia mifupa iliyovunjika husuguana na kutoa mlio, ila tafadhali usiutafute mlio huo kwa kumtikisa mtu. Zisipokuwepo, kanuni ni moja: ukiwa na shaka, mhudumie kama aliyevunjika. Ukimtuliza mtu ambaye kumbe ameteguka tu, umempotezea saa chache. Ukimtembeza mtu ambaye kumbe amevunjika, ncha kali ya mfupa inaweza kukata mshipa wa damu au wa fahamu ambao dakika moja kabla ulikuwa mzima. Kazi ya anayetoa huduma ya kwanza ni kukilinda kile ambacho bado hakijaharibika.

Kabla ya kuugusa mguu

Jeraha baya la mguu lina tabia ya kuyateka macho ya kila mtu. Wote wanautazama mguu uliopinda, na hakuna anayeona kwamba mwenye mguu hapumui vizuri. Anza na usalama wa mahali penyewe, kisha uone kama anaitika, anapumua, na kama kuna damu inayobubujika popote. Hayo kwanza, mifupa baadaye.

Halafu jiulize kuhusu shingo na mgongo. Aliyeanguka kutoka juu, aliyegongwa, aliyepiga mbizi kwenye maji mafupi, au anayelalamika ganzi na udhaifu wa mikono au miguu, asiinuliwe wala asikalishwe. Mtu mmoja apige magoti nyuma ya kichwa chake, akishikilie kwa mikono miwili jinsi alivyokikuta, na amwambie asigeuze shingo. Mtu wa namna hiyo anahamishwa tu pale ambapo kubaki hapo kutamuua: moto, maji yanayopanda, jengo linaloporomoka. Akianza kutapika, ageuzwe ubavu kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga vikienda kama gogo moja.

Tazama chini ya jeraha

Ningepewa nafasi ya kufundisha jambo moja tu, ningefundisha hili. Baada ya kuona mahali palipoumia, shuka chini yake: kama ni paja au muundi, nenda kwenye vidole vya mguu, kama ni mkono, nenda kwenye vidole vya mkono. Huko ndiko mwili unakosema kama damu na fahamu bado vinapita.

Rangi ikoje ukilinganisha na upande wa pili? Pana joto au pamekuwa baridi? Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe kisha uachie. Rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2 hivi, ingawa kwenye baridi huchelewa kidogo. Mguse kidole huku haangalii, umuulize ni kipi. Mwombe akichezeshe kidogo kama anaweza. Yote hayo huchukua nusu dakika. Vua pete, bangili, saa na viatu mapema, kwa sababu uvimbe ukishapanda, pete hugeuka kitanzi. Na uyarudie maswali hayo kila baada ya dakika chache, hasa ukishafunga bendeji au banzi (kitu kigumu kinachofungwa kuzuia mfupa usitikisike), maana kiungo kilichokuwa sawa kinaweza kukosa damu kwa sababu ya mikono yako mwenyewe.

Vidole vikiwa vya baridi, vyeupe au vya buluu, na havihisi kitu, hiyo ni dharura ya kupelekwa hospitali sasa hivi. Mwambie anayekupokea ulichokiona na saa uliyokiona.

Kutuliza mfupa

Kuna somo la kihistoria ambalo kila nikilifikiria linanigusa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari waliovunjika fupa la paja walikuwa wakifa kwa wingi mno, wengi wao wakiwa njiani kutoka mstari wa mbele. Kila machela ilipotikisika, ncha za mfupa zilichana nyama na damu ikazidi kumwagika. Kilichobadilisha mambo hakikuwa dawa mpya, wala viuavijasumu, ambavyo vilikuwa bado havijapatikana. Kilikuwa banzi: fremu ya chuma yenye pete inayozunguka juu ya paja, iliyobuniwa miongo kadhaa kabla na Hugh Owen Thomas, daktari wa Liverpool aliyetoka katika ukoo wa waunga mifupa wa Wales. Mpwa wa mkewe, Robert Jones, ndiye aliyelipigania litumike jeshini. Lilipoanza kufungwa kule kule mbele, kabla askari hajasafirishwa, vifo vilipungua sana. Mfupa ulikuwa bado umevunjika vilevile. Ulichonyimwa ni nafasi ya kutikisika.

Banzi la Thomas huvuta mguu, na kuvuta ni kazi ya waliofunzwa. Wewe unahitaji ile nusu nyingine tu: kuzuia mtikisiko. Mguu au mkono utulizwe jinsi ulivyoukuta, na mfungo ushike kiungo cha juu na cha chini ya mvunjiko. Muundi ukivunjika, goti na kifundo vyote visichezechezee. Mkono ukivunjika chini ya kiwiko, kiwiko na kifundo vitulizwe. Ubao, kadibodi ngumu au gazeti lililokunjwa vinafaa, ila weka nguo laini kati ya banzi na ngozi, hasa penye mfupa unaojitokeza. Funga juu na chini ya jeraha, usifunge juu yake.

Mara nyingi banzi bora linatembea na majeruhi mwenyewe. Mkono ulioumia huning'inizwa shingoni kwa kitambaa, kisha kitambaa kingine kikaukumbatisha na kifua. Mguu mmoja hufungwa na mwenzake, nguo zikiwa zimejazwa katikati. Vidole viwili hufungwa pamoja. Na kama gari la wagonjwa linakuja baada ya muda mfupi, usijisumbue na mabanzi: ushikilie mguu kwa mikono, uegemeze kwa mito au nguo zilizokunjwa, umwambie atulie. Mfungo uliofungwa ovyo kwa haraka huumiza kuliko kutofunga.

Mfupa uliotoboa ngozi una hatari ya pili, uchafu kuingia ndani. Usiusukume urudi, usimwagie dawa za kienyeji wala spiriti. Funika kwa kitambaa safi kabisa, kama damu inatoka bana kandokando ya mfupa badala ya juu yake, na uharakishe kumfikisha hospitali, kwa sababu dawa ya kuua bakteria ina nguvu zaidi ikitolewa mapema.

Sasa nirudi kwa yule mtu wa tatu anayetaka kuvuta. Kiungo kilichochomoka kinamdanganya, kwa sababu kinaonekana kama droo iliyotoka kwenye reli. Lakini karibu na bega hupita mshipa wa fahamu unaonyanyua mkono, na nyuma ya goti hupita mshipa mkubwa wa damu unaolisha mguu wote wa chini. Kuvuta bila kujua njia iliyotumiwa na mfupa kutoka kunaweza kuvibana au kuvikata. Isitoshe, bega lililochomoka linaweza kuwa limevunjika pia, na huwezi kujua bila picha. Hospitalini humpa mgonjwa dawa ya kulegeza misuli na kupunguza maumivu, ndipo hurudisha kwa utaratibu. Wewe mwache aushike mkono katika pozi ambalo yeye mwenyewe analiona nafuu, ujaze nguo kwenye nafasi iliyobaki, uanze safari.

Barafu, kukanda na kupumzika

Hapa ndipo ushauri umebadilika, na watu wengi wamechanganyikiwa kwa haki. Mwaka 1978 daktari Mmarekani Gabe Mirkin aliipa dunia fomula ya maneno manne: pumzika, weka barafu, bana kwa bendeji, inua juu. Ikaenea kila mahali. Miongo zaidi ya mitatu baadaye, Mirkin huyohuyo akaandika kwamba barafu na mapumziko ya muda mrefu huenda vinachelewesha uponaji. Uvimbe wa mwanzo, alivyoeleza, ni sehemu ya ukarabati: damu inaleta chembe zinazosafisha uchafu na kuanza kujenga upya, na ukiuzima kabisa unawazuia mafundi wasiingie kazini. Mwaka 2019 wataalamu wa fiziotherapia Blaise Dubois na Jean-Francois Esculier walikwenda mbali zaidi, wakatilia shaka hata matumizi ya mazoea ya dawa za kuzuia uvimbe.

Kwa hiyo tufanyeje? Kwa maoni yangu, barafu ibaki kuwa dawa ya maumivu, isipewe sifa ya kuponya. Katika saa za mwanzo, ikizungushiwa kitambaa na kuwekwa kwa muda usiozidi dakika 20, humsaidia mtu kuvumilia. Isigusane na ngozi moja kwa moja, isiwekwe mahali penye ganzi. Bendeji ya kubana kiasi husaidia, mradi vidole vibaki na rangi yake. Kuinua mguu ni sawa kwa kifundo kilichoteguka, lakini usiunyanyue mguu unaoshuku umevunjika iwapo kuunyanyua kunauma.

Kukanda ni habari nyingine. Maji ya moto, marhamu ya kuchoma na mikono yenye nguvu katika siku 2 au 3 za kwanza huongeza damu inayovuja mahali ambapo mishipa midogo bado imepasuka, na kama chini yake kuna ufa usiojulikana, unaukanda mfupa. Najua inafanywa kwa upendo. Subirini kwanza.

Mapumziko nayo yana kipimo. Kifundo kilichoteguka kidogo kinapona vizuri zaidi kikianza kuchezeshwa mapema na kukanyagiwa kadiri maumivu yanavyoruhusu kuliko kikilazwa wiki nzima. Mfupa uliovunjika ni kinyume chake: unahitaji utulivu wa wiki 6 hadi 8 kwa mivunjiko mingi ya mkono, na miezi kadhaa kwa muundi wa mtu mzima. Kubana kwa misuli ghafla, ile mikakamao ya usiku kwenye shavu la mguu, hakuhitaji lolote kati ya haya. Nyoosha mguu, vuta vidole kuelekea kwako, usugue taratibu.

Na vipi yule anayetaka kujua kama kifundo kilichovimba kinahitaji eksirei? Mwaka 1992 Ian Stiell na wenzake huko Ottawa, Kanada, walitoa kanuni ambayo bado inatumika sana hospitalini. Mtu anahitaji picha kama anaumia akibonyezwa kwenye ncha, au kwenye ukingo wa nyuma wa sentimita 6 za chini, za yale mafundo mawili ya mfupa yanayojitokeza pande zote za kifundo. Anaihitaji pia kama hakuweza kupiga hatua 4 mara baada ya kuumia na bado hawezi anapopimwa. Kuchechemea kunahesabiwa kuwa hatua. Kwa unyayo huongezwa sehemu mbili za kubonyeza: mfupa unaojitokeza katikati ya ukingo wa nje, upande wa kidole kidogo, na ule wa ndani mbele ya kifundo. Kanuni hii haimfai mlevi, aliyeumia kichwa, wala mwenye ganzi miguuni, kwa kuwa hawezi kukwambia kwa uhakika panapouma. Wala si ruhusa ya kumlazimisha mtu mwenye mguu uliopinda asimame.

Watoto wana jambo lao. Karibu na ncha za mifupa yao kuna tabaka laini la gegedu ambalo mfupa hukulia, na mara nyingi hilo ni dhaifu kuliko ligamenti zilizo jirani. Kwa hiyo mtoto "aliyeteguka" huenda ameumia pale mfupa unapokulia, naye apimwe. Mtoto wa miaka 1 hadi 4 aliyevutwa mkono kwa nguvu, kisha akauacha ukining'inia bila kuutumia, huenda kiwiko chake kimechopoka kidogo. Daktari hulimaliza tatizo hilo kwa dakika chache. Kwa mzee aliyeanguka hata kutoka kwenye kiti tu, mguu ukaonekana mfupi na unyayo umegeukia nje, usimsimamishe: huenda amevunjika nyonga.

Saa zinazofuata

Hatari moja huja watu wakishadhani mambo yamekwisha. Misuli ya muundi na ya mkono chini ya kiwiko imefungwa ndani ya vifuko vya utando mgumu usiotanuka. Baada ya mvunjiko, damu na uvimbe hujaa ndani ya vifuko hivyo mpaka shinikizo linazidi lile la mishipa midogo, na misuli inakosa damu. Ikikaa hivyo kwa saa 6 hivi, huanza kufa, na iliyokufa hairudi. Mwaka 1881 Richard von Volkmann, daktari wa Ujerumani, alieleza mikono iliyojikunja kama makucha maisha yote baada ya kufungwa bendeji za kubana mno. Banzi lililokazwa kupita kiasi hufanya hivyo. Hata hogo, ile plasta ngumu iliyofungwa vizuri hospitalini, inaweza kufanya hivyo ikiwa uvimbe utapanda baadaye.

Dalili yake ni maumivu yasiyolingana na jeraha. Yanakua badala ya kupungua, hayasikii dawa, na hupamba moto mtu mwingine akivinyoosha vidole polepole. Usijifariji kwa kupapasa mapigo ukayakuta yapo. Mara nyingi huendelea kuwepo mpaka mambo yameharibika. Fungua au legeza kila kilichobana, uweke mguu au mkono usawa wa moyo, usiuinue juu zaidi. Kama ni hogo, hilo hukatwa na wenye vifaa. Mwenye hogo anayeamka saa nane za usiku akilia kwa maumivu ambayo jana hayakuwepo, vidole vimemvimba na kuingia ganzi, arudi hospitali usiku huohuo.